Kipimo Akijuacho Mnunuzi

Soko letu la Butali liko kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye, katika nchi ya Kabras. Mgeni akiingia katika duka la vifaa vya ujenzi hapa atasikia maneno ambayo huenda yakamshangaza, lakini sisi wenyeji tumekwisha kuyazoea. Mnunuzi husema, "Nipe misumari ya inchi nne, kilo mbili." Urefu wa msumari autaja kwa kipimo cha Kiingereza, na uzito kwa kipimo cha metriki, naye hupata alichokitaka bila ya matata. Mbao twaziuza kwa futi, na saruji kwa mfuko wa kilo 50. Bomba la maji ni la nusu inchi kwa unene, lakini urefu wake ni mita sita.

Mimi ni mwenye duka la vitu hivyo, na mara nyingi wenzangu wameniuliza: Je, yafaa tuuze kwa mita na kilo tu, au tufuate vipimo ambavyo wateja wetu wamevizoea? Ningependa kueleza maoni yangu, kwa maana jambo hili si dogo kama wengi wadhanivyo.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba nchi zetu hazikuanza kupima juzi. Watu wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Na mizigo mikubwa waliipima kwa frasila, yaani karibu ratili 35. Baadaye serikali ya kikoloni ilieneza ratili, yadi na galoni. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, Kenya iliacha vipimo vya Kiingereza na kushika vile vya metriki. Hapana shaka kwamba badiliko hilo lilikuwa jema. Ratili moja ina wakia 16, na futi moja ina inchi 12, lakini katika metriki hesabu zote huenda kwa kumi na kwa mia, kama shilingi yetu yenye senti 100. Hata mtoto wa shule aweza kuzifanya.

Lakini sheria hubadilika upesi kuliko ulimi wa mtu. Gunia la mahindi la kilo 90 ni lile lile gunia la zamani la ratili 200, lililopunguzwa kidogo tu. Debe ni lile bati la galoni nne. Shamba twalitaja kwa ekari, ingawa hati ya shamba huandikwa kwa hekta. Haya yote hayana madhara, maadamu mwuzaji na mnunuzi wanafahamu jambo moja.

Madhara huanza pale jina la kipimo cha zamani linapowekwa juu ya kipimo kipya. Mathalan, mkebe wa rangi wa lita nne watu huuita galoni. Lakini galoni ya Kiingereza ni zaidi ya lita nne na nusu. Basi fundi aliyepiga hesabu yake kwa galoni za kweli, akanunua mikebe minne, atapungukiwa na zaidi ya lita mbili, na ukuta mmoja utabaki bila rangi.

Tena kuna mabati. Bati la mita tatu huitwa hapa "futi kumi", na bati la mita mbili na nusu huitwa "futi nane". Lakini futi nane ni sentimita 244 tu, hivyo mnunuzi wa bati hilo anafaidi sentimita sita. Futi kumi ni karibu sentimita 305, na mnunuzi wa bati la mita tatu anapungukiwa na sentimita tano.

Mtu aweza kucheka na kusema kwamba sentimita tano si kitu. Mama mmoja mjane wa huku kwetu hakucheka. Alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo kwa muda mrefu ili aondoe nyasi katika nyumba yake. Fundi wake alipima kenchi kwa futi, akahesabu mabati mawili ya futi kumi kwa kila mstari, akatoa nusu futi ya kupandanishia. Mama akayanunua katika duka moja ambalo sitalitaja. Yalipopigiliwa, kila upande wa paa ulikuwa mfupi kwa karibu sentimita kumi. Ninyi mnaokaa Kakamega mwaijua mvua yetu. Maji yalimwagika karibu na ukuta wa udongo, na kabla ya masika kwisha udongo ulianza kubomoka.

Alikuja dukani kwangu na stakabadhi yake mkononi, akaniuliza, "Baba, nisomee. Mimi niliomba futi kumi." Stakabadhi ilisema mita tatu. Nikachukua tepu ya kupimia, ambayo upande mmoja ina inchi na upande wa pili sentimita, nikamwonyesha mahali ambapo mita tatu inakoma na mahali ambapo futi kumi inafika. Alitazama nafasi ile kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ukuta wangu umeanguka hapa." Mwuzaji hakuwa amesema uongo, wala fundi, wala yule mama. Lakini hasara ilimwangukia mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa na mali haba kuliko wote.

Hata katika Uingereza, zilikotoka ratili na yadi, jambo hili limeleta mashtaka. Mwaka 2000, katika mji wa Sunderland, wakaguzi walichukua mizani ya mwuza matunda, Steve Thoburn, kwa kuwa alipima ndizi kwa ratili. Mwaka 2001 alitiwa hatiani, na mwaka 2002 rufani yake ilikataliwa. Yeye alisema kwamba anawauzia wateja wake kwa kipimo wakitakacho. Mwaka 2022 serikali yao iliwauliza wananchi kama wataka vipimo vya zamani virudishwe madukani. Watu zaidi ya 100,000 walijibu, na karibu wote walikataa.

Mimi sisemi kwamba Thoburn alikosa kuwajali wateja wake. Lakini kumjali mteja si kutumia neno alipendalo tu. Ni kuhakikisha kwamba anajua kiasi anachokipata.

Basi nawashauri wenye maduka wenzangu mambo matatu. La kwanza, tuuze kwa metriki, na katika stakabadhi tuandike mita na lita. Lakini mteja akitaja futi au galoni, tumwambie waziwazi tofauti iliyopo kabla hajatoa fedha yake. La pili, tepu na mizani viwe mahali ambapo mnunuzi aweza kuviona na kuvisoma, na mizani iwe na muhuri wa wakaguzi wa serikali. La tatu, tusinunue kwa kipimo kimoja na kuuza kwa kingine. Wako watu wanunuao mahindi ya wakulima kwa gorogoro lililojazwa mpaka likafurika, kisha huyauza kwa gorogoro lililobonyezwa chini. Hilo si suala la metriki wala la Kiingereza, ni wizi.

Nanyi wanunuzi, msione haya kuuliza. Mkimwajiri fundi, mwambieni apime kwa mita tangu siku ya kwanza, ili hesabu yake na stakabadhi ya duka ziwe lugha moja. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mjane yule alijaza kibaba chake kwa taabu, na haifai kitoboke dukani kwetu.