Namba Chini ya Kutu

Gari la jeshi likifikishwa bandani Kariobangi Light Industries, mwenyewe huanza kwa kusifu bodi. Atalizunguka, atalipigapiga ubavuni, atasema bati bado ni zima. Fundi hamjibu. Hupiga magoti mbele upande wa kulia, akachukua brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua kile chuma kinachoshika springi. Matope yanatoka, grisi kuukuu inatoka, kisha namba ya chesisi inaanza kusomeka, tarakimu moja moja. Ikitimia, bei inaanza kuzungumzwa. Ikiwa imesagwa au kuchomelewa juu, hafungui hata boneti. Gari lisilo na namba ni la watu wa vyuma chakavu.

(Fundi huyo ndiye anayeandika makala haya. Kusema “mimi” kila sentensi kunamchosha.)

Alikulia Ofafa Jericho, na ndege zilikuwa jirani. Uwanja wa Eastleigh ndio uliopokea abiria wa Nairobi kabla ya Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, na wakati wa vita vya Mau Mau, hapo ndipo Waingereza walipoegesha ndege zao za mabomu aina ya Lincoln. Jeshi la Anga la Kenya lilipoanzishwa mwaka 1964 lilirithi kambi hiyo. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, jeshi hilo likavunjwa na kuundwa upya, nayo kambi ikapewa jina la Moi. Watoto wa mtaani hawakujali majina. Waliijua ndege ya Caribou kwa mngurumo kabla haijatokeza juu ya mapaa.

Kazi aliianzia Shauri Moyo, akimshikia spana mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari jeshini. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alikuwa na somo moja alilolirudia mpaka likachosha: umeme. Land Rover zilizoundwa kubeba redio za kijeshi hutumia volti 24, si 12 kama za raia. Zina betri mbili, jenereta kubwa, na nyaya zilizofunikwa zisivuruge mawimbi. Mnunuzi asiyejua hufunga balbu za dukani, na jioni ya kwanza zote zinaungua. Kwa mzee, mita ya umeme ilishikwa kwanza, spana baadaye.

Magari yenyewe hutoka kwenye zabuni na minada. Likishachoka, gari la serikali huandikwa kwamba halifai tena, na sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 inataka liuzwe kwa uwazi. Mara nyingi hupangwa kwa mafungu, na fungu ni kamari: gari moja linatembea, mengine yamebaki maganda, gia zilishatolewa zamani. Ukishinda, hapo ndipo safari ya makaratasi inaanza, kwa sababu gari la jeshi halikuwa na logibuku ya kiraia, na bila kusajiliwa na mamlaka ya usafiri, NTSA, haliingii barabarani. Fundi amewaona watu wakinunua kwa bei ya kutupa, kisha gari likakaa uani miaka, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Yeye hulipaka rangi nyingine kabla hajamkabidhi mteja, hata mteja akimsihi aache ile ya kijani. Hataki maswali ya polisi.

Ajabu ni kwamba Land Rover yenyewe ni mtoto wa mabaki ya vita. Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep ya ziada ya jeshi shambani kwake Anglesey, na gari la kwanza la majaribio mwaka 1947 liliundwa kwa kuazima vipande vya Jeep. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, alumini ikawa tele. Rangi ya mwanzo nayo ilikuwa ile ya ziada ya vyumba vya marubani. Kwa kuwa ni ya alumini, bodi inayosifiwa na wateja haiozi. Kinachooza ni chesisi, ambayo ni ya chuma. Gari lililotoka Pwani hupimwa kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa na chumvi hujibu kwa sauti ya debe.

Na Afrika Mashariki imeyala mabaki hayo kwa namna nyingi. Katika mradi wa karanga wa Kongwa, Tanganyika, ulioanza mwaka 1947, vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Ardhi ikayashinda, na hadi mradi unazikwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza takriban pauni milioni 36.

Ndege ni habari nyingine. Dakota, yaani DC-3, ziliundwa zaidi ya 10,000, nyingi kwa ajili ya Vita Vikuu vya Pili, na za ziada zikawa ndege za abiria kote duniani. East African Airways ilizirusha. Hata baada ya shirika hilo kufa mwaka 1977, Dakota ziliendelea kuonekana Wilson, zikipeleka watalii Maasai Mara. Injini yake ina silinda 14, saba mbele na saba nyuma. Fundi aliitwa mara kadhaa kukadiria thamani ya vipande kama hivyo, akajifunza kwamba kwenye ndege karatasi ina nguvu kuliko kwenye gari lolote. Silinda yenye kitabu chake cha saa na ukaguzi ni spea. Pacha wake asiye na kitabu, hata aking’aa, huyeyushwa pale pale Kariobangi akatoka sufuria. Biashara yake ya ndege ikaishia kwenye mapanga ya pangaboi, ambayo hoteli hununua kwa ajili ya kuta zao.

Siku hizi wateja wakubwa wa Land Rover wako nje. Namba ya chesisi ikipelekwa Gaydon, Uingereza, kwenye kumbukumbu za jumba la makumbusho ya magari, hurudi cheti kinachoonyesha tarehe gari lilipotoka kiwandani Solihull na nchi lilikopelekwa. Cheti hicho hupandisha bei, na magari yanaondoka. Yanayorudi hakuna, maana kanuni ya Kenya ya KS 1515 hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Hesabu hiyo haimpendezi fundi, ingawa pesa zake anazipokea. Kwa sasa ana chesisi mbili bandani, moja imeoza nyuma, nyingine imevunjika mbele. Atazikata na kuziunga ziwe moja, ile ya mbele ibaki yenye namba na logibuku, na mnunuzi ataonyeshwa mshono kabla haujapakwa rangi.