Akiba ya Nani

Barua yangu ya utambulisho ilikuwa na mihuri mitatu kabla sijafika kijijini: wa chuo, wa wilaya na wa kata. Niliishika mapajani ndani ya bahasha ya plastiki tangu Lushoto mjini, basi likipita Magamba, likipita Lukozi, likiinama kila kona kana kwamba linataka kuchungulia bondeni. Ilikuwa Julai 2018. Nilikuwa mwanafunzi wa mipango, mwaka wa pili, mzaliwa wa Mbagala, na sikuwa na sweta.

Fildi, kama sisi wanafunzi tunavyoyaita mafunzo kwa vitendo, ilikuwa ya wiki nane. Wenzangu wengi walipigania manispaa za Dar es Salaam ili wasilipe pango la chumba, na wengi wao waliishia masijala, wakipanga mafaili na kutumwa chapati. Mimi nilipata kazi yenyewe. Kijiji kimoja cha Kata ya Mtae kilikuwa kinaandaa mpango wa matumizi ya ardhi, na nilitakiwa kusaidia kuchora ramani. Msimamizi wangu alikuwa na vijiji vingine vya kuhudumia. Alinikabidhi kifaa cha GPS na picha ya satelaiti iliyochapishwa, akanionyesha nyumba nitakayopanga, akasema tutaonana siku ya mkutano.

Asiyepajua Mtae avute picha ya mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Nyumba zimejipanga juu ya uti wa mgongo, na pande zote mbili ardhi inadondoka. Upande mmoja, ukungu ukiondoka, unaona nyika ya Mkomazi chini kabisa, milima ya Upare mbele yake, na siku yenye bahati, Kilimanjaro. Asubuhi ya kwanza nilikuta wazee nje ya duka wamejifunika mablanketi. "Onga maundo," wakaniamkia kwa Kisambaa, na kwa kuwa sikujua la kujibu nikasema shikamooni. Wakacheka. Kuanzia hapo nikawa "mtaalamu". Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na jina hilo nililipenda kuliko inavyofaa.

Nieleze kidogo kuhusu sheria, maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu. Kuna ardhi ya wote, kama malisho na njia. Kuna ardhi inayokaliwa au kutumiwa na mtu au familia. Halafu kuna ile iliyobaki, ambayo kijiji kinaweza kuigawa siku za mbele kwa wanaohitaji. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoiita ardhi ya akiba. Halmashauri ya kijiji huandaa mpango, na mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, huukubali au huukataa. Darasani niliyaandika haya kwenye mtihani na nikapata alama nzuri.

Wiki ya nne ukungu haukuondoka kwa siku tatu. Nilikuwa nimebakiza mteremko mmoja upande wa magharibi. Njia ya kushukia ilikuwa utelezi mtupu, viatu vyangu vilikuwa raba za mjini, na kijana aliyepewa kazi ya kunitembeza alikuwa na homa. Nilisimama barabarani, nikaitazama picha ya satelaiti. Kwenye mteremko ule palikuwa na kipande kisicho na mistari ya mazao, kimefunikwa vichaka. Wakapita wanaume wawili wenye mizigo ya kabichi. Nikawauliza, "Kule chini pana mtu?"

"Hapana mtu," akajibu mmoja, bila kusimama.

Nikakipaka kile kipande rangi ya njano: akiba. Nikarudi chumbani, bibi mwenye nyumba akanipakulia makande ya moto, na nikalala mapema. Leo nikilifikiria lile swali langu naona halikuwa na maana yoyote. Mimi niliuliza habari za mwenyewe. Yule bwana alinijibu kwamba kwa wakati ule, na ukungu ule, hakukuwa na mtu kule chini. Na alisema kweli.

Mkutano ulifanyika wiki ya sita, nje ya ofisi ya kijiji. Jua lilikuwa limetoka. Msimamizi wangu alikuja na pikipiki, akakaa meza kuu pamoja na mwenyekiti na mtendaji, fomu yangu ya tathmini ikiwa ndani ya faili lake. Ramani tuliibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Nikaieleza rangi moja moja: kijani misitu, kahawia makazi, bluu vyanzo vya maji. Watu waliitikia kwa vichwa. Wazee wawili walibishana kidogo kuhusu kijito, wakapatana.

Kisha bibi mmoja akanyoosha mkono kutoka upande waliokaa akina mama. Alikuwa na miaka kama themanini, khanga mbili na koti kubwa la kiume.

"Mjukuu wangu, hiyo njano ndiyo nini?"

"Ni ardhi ya akiba, bibi."

"Akiba ya nani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. "Ya kijiji, bibi."

"Hapo ni chini ya mwamba, si ndiyo? Karibu na mti wa mkuyu." Nilitazama ramani yangu. Mwamba sikuuchora, wala mkuyu. "Mimi nilidhani ni akiba yangu," akasema. "Nimeipumzisha miaka minne, nguvu zimeniishia. Yupo mjukuu wa kike, akimaliza shule atailima."

Kicheko kikakatika. Mwanamume mmoja akasimama upande wa pili akasema kwa upole kwamba ardhi isiyolimwa ni kweli haina mtu, na marehemu kaka yake angekuwa hai angekubali iwasaidie vijana. Kijana wangu wa kunitembeza, ambaye homa ilikuwa imekwisha, akaninong'oneza: "Huyo ni shemeji yake. Aliiomba tangu msiba."

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya ile rangi. Mkutano ukiipitisha ramani, njano ile ingekuwa mlango. Hakuna ambaye angehitaji kumnyang'anya bibi kitu. Ingetosha mtu kuandika maombi ya kugawiwa ardhi ya akiba.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mtaalamu, wewe ulifika pale. Ulikuta nini?"

Nilimtazama msimamizi. Alikuwa anaandika. Ningeweza kusema kwamba picha ya satelaiti inaonyesha vichaka, na isingekuwa uongo. Badala yake nilisema, sauti ikinikauka, "Sikushuka, mheshimiwa. Kulikuwa na ukungu. Nilichora kutoka barabarani."

Msimamizi aliacha kuandika. Mtu mmoja nyuma akasema, "Eeh!" kwa mshangao tu, na lile "eeh" liliniuma kuliko tusi. Mwenyekiti akaamua kile kipande kiondolewe kwenye ajenda mpaka kitembelewe, na wajumbe wa kamati ya ardhi waandamane nami. Shemeji akakaa. Bibi hakunishukuru, wala sikustahili.

Tulishuka kesho yake. Bibi alitangulia, peku, mkongojo mkononi, nami nikimfuata kwa makalio mahali pengine. Chini ya mwamba kulikuwa na vichaka kweli. Lakini ukingo wa chini wa shamba ulikuwa na majani ya guatemala, yamesimama kwa mstari mmoja kutoka pembe hadi pembe, yale ambayo huku hupandwa kuzuia udongo usiporomoke na kulishia ng'ombe. Majani ya namna hiyo hayajioteshi kwa mstari. Mtu yeyote ambaye angeshuka hatua mia angejua pana mwenyewe.

Akaketi juu ya jiwe akanisimulia kuhusu wataalamu wa kwanza aliowaona. Alikuwa binti mdogo. Waingereza walikuwa na mradi wa kuhifadhi udongo ulioanzia bonde la Mlalo mwaka 1946, ukasambaa Usambara, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko. "Mama zetu ndio walioshika majembe," alisema. Watu waligoma, wakachukia hata neno lenyewe, mpaka mradi ukaachwa mwaka 1957. "Na hawakuwa wajinga, wale. Udongo ulikuwa unakwenda kweli. Haya majani nimeyapanda mwenyewe, hakuna aliyenishurutisha." Kisha akaniuliza kama Mbagala kuna milima.

Wajumbe walikubaliana mipaka, nikaizunguka na kifaa, nikapaka upya kipande kile rangi ya mashamba. Mkutano uliofuata uliitishwa wakati mimi nimekwisha kuondoka, nilisikia ulipita. Kwenye fomu msimamizi alinipa alama za wastani, na penye maoni akaandika: "Anahitaji kuzingatia kazi za uwandani." Sina la kubisha.

Tatizo ni ripoti. Niliyoiwasilisha chuoni niliifunga haraka haraka, siku ya mwisho, stesheneri imejaa wanafunzi wa fildi kutoka kila mkoa, na kwenye kiambatisho ikaingia ramani ya zamani. Niligundua baada ya kupeleka. Ile sahihi nilimtumia mtendaji nakala safi, nikampa kondakta wa basi ndani ya bomba la plastiki.

Baada ya wiki moja mtendaji akanipigia. Imefika, akasema, imekunjika kidogo tu pembeni. Kisha akacheka. "Bibi yuko hapa ofisini tangu asubuhi. Anauliza ile njano umeitoa?"

Nikamwambia nimeitoa. Nikamsikia akimtafsiria kwa Kisambaa, na bibi akiuliza tena, na mtendaji akirudi kwenye simu.

"Anasema, umeitoa kote?"