Leicester: Daktari wa mtaa alipofunga mlango

Msafiri atokaye London kwa treni kuelekea kaskazini huwasili Leicester baada ya saa moja na dakika chache. Akitoka kituoni na kuelekea mashariki, hauchukui muda kabla hajaingia katika mtaa wa Highfields. Nyumba ni za matofali mekundu, zimeshikana ukuta kwa ukuta, nyingi zikiwa zimejengwa karne ya 19 mji huu ulipokuwa ukitajirika kwa viwanda vya soksi na viatu. Barabarani zimepangana duka la nyama halali, duka la vitambaa, duka la vitabu vya dini na duka la dawa. Kila baada ya hatua kadhaa upo msikiti. Katika sensa ya mwaka 2021, Waislamu wa Leicester walizidi 86,000, yaani karibu robo ya wakazi wote wa mji.

Mwenyeji wangu, ambaye ni mjomba upande wa mama, alinitahadharisha mapema nichunge ninayoyasema kwa Kiswahili njiani, kwani wanaoelewa ni wengi. Nilidhani anatania, kumbe ni kweli. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, na zaidi ya 27,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije mjini humo. Wengi walikuja licha ya tangazo hilo, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu waliozaliwa Kampala, Mombasa au Tanga. Leo wao ni mabibi na mababu wa mtaa.

Katika mtaa kama huu daktari hakai hospitalini. Mfumo wa tiba wa taifa uitwao NHS, ulioanza tarehe 5 Julai 1948, humpa kila mkazi daktari wa familia. Mkazi huandikishwa katika daftari la daktari huyo, na bila rufaa yake ni nadra kumfikia bingwa. Kumwona hakulipiwi. Ajabu kwa mgeni ni kwamba wengi wa madaktari hao si waajiriwa wa serikali. Wao ni wenye mkataba nayo, hulipwa kwa kadiri ya watu walioandikishwa kwao, na nyumba ya kutibia huimiliki au huipangisha wenyewe. Ndiyo sababu zahanati nyingi za zamani ni nyumba za kawaida tu, ambapo sebule imekuwa chumba cha kungojea na chumba cha kulia kimekuwa cha kupimia. Na katika miji ya viwanda, ambako madaktari wazawa hawakupenda kwenda, waliozibeba zahanati hizo kwa miongo mingi walikuwa madaktari waliotoka India na Pakistan.

Zahanati waliyoandikishwa jamaa zangu ilikuwa ya namna hiyo: daktari mmoja, muuguzi mmoja, na mama wa mapokezi aliyewajua watu kwa majina ya baba zao. Nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa na dirishani pamebandikwa karatasi inayowaelekeza wagonjwa kwenye kituo kikubwa cha afya, mwendo wa mabasi mawili kutoka hapo.

Hakuna aliyedhulumu. Daktari alizeeka akastaafu, na mkataba wa daktari wa peke yake hukoma anapoondoka yeye. Mrithi hakupatikana. Nyumba nayo ilikuwa na ngazi nyembamba zisizofaa kiti cha magurudumu, na kuikarabati kungegharimu fedha nyingi. Hali hii haiuhusu mtaa mmoja tu. Mwaka 2013 England ilikuwa na zahanati za madaktari wa familia zaidi ya 8,000. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimebaki 6,300 hivi, na wastani wa walioandikishwa katika kila moja umepanda kutoka watu 7,000 hivi hadi kukaribia 10,000.

Utaratibu wa kuwahamisha wagonjwa umepangwa vizuri. Kila mmoja huandikiwa barua. Ama huhamishiwa kituo kilichotajwa, ama hutakiwa ajichagulie kingine kilicho karibu. Kumbukumbu zake za tiba husafirishwa kwa kompyuta. Kujiandikisha hakuhitaji pasipoti wala hati ya makazi, na mgonjwa asiyejua Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo. Akikosa kabisa pa kupokelewa, mamlaka ya afya ya eneo humpangia daktari. Kwenye karatasi, basi, hapotei mtu.

Lakini barua huandikwa kwa Kiingereza, na walioihitaji zaidi ndio wasioweza kuisoma. Nilisimuliwa habari za mzee mmoja jirani, mgonjwa wa kisukari, aliyeipokea barua hiyo akaiweka katika droo pamoja na za umeme na maji, akingoja mwanawe aje mwisho wa mwezi. Binti yake alipoigundua, dawa zilikuwa zimebaki za siku mbili.

Mjomba alinipeleka kumsalimu bibi mmoja mwenye umri wa miaka themanini, mzaliwa wa Tanga aliyeolewa Kampala.

“Shikamoo, Bibi,” nilimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Tanga hawajambo?”

Tulizungumza sana habari za Tanga kabla ya kufika kwa daktari. “Huyu mpya hana neno,” alisema. “Ni mwanamke, tena mpole. Ila kila nikienda namkuta mwingine, na kila mmoja ananiuliza upya nina maradhi gani. Yule wa zamani alikuwa akinitazama ninavyoingia mlangoni, anajua.”

Tuseme haki: kituo kipya kina manufaa. Kina lifti, wauguzi kadhaa, mtaalamu wa viungo, na madaktari wa kike ambao akina mama wengi wa Kiislamu waliwatamani kwa miaka. Daktari mmoja peke yake huugua pia, huchoka, na hana mwenzake wa kumsahihisha. Sikukuta mtu mwenye busara aliyetaka zahanati ile ibaki kama ilivyokuwa milele.

Kilichopotea ni kujulikana. Daktari yule alikuwa akiwaita wagonjwa wake wa kisukari kabla ya mwezi wa Ramadhani, akiwaeleza nani dawa zake zibadilishwe saa, na nani asifunge kwa kuwa sheria yenyewe imempa ruhusa. Aliijua nyumba yenye mjane anayeishi peke yake. Maarifa ya namna hiyo hayasafiri kwa kompyuta.

Hapo ndipo nilipoona jambo lililonifurahisha kuliko yote katika safari hiyo. Baada ya swala ya Ijumaa, katika msikiti niliosali, kamati ilikuwa imeweka meza mbili, moja ya wanaume na nyingine upande wa akina mama, kila moja ikiwa na vijana wanaojua lugha za wazee. Hawakumuuliza mtu ugonjwa wake, kwani hiyo ni siri yake. Waliuliza mambo matatu tu: Umeshaandikishwa kwa daktari mpya? Dawa zako zimebaki za siku ngapi? Nani atakupeleka? Aliyekosa jibu alijaziwa fomu papo hapo, na asiye na wa kumpeleka aliandikiwa jina la jirani mwenye gari. Asiyekuja msikitini kwa udhaifu alifuatwa nyumbani.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Daftari letu huandika michango, ukarabati wa paa na ratiba ya darsa. Sijaona ndani yake ukurasa wa wagonjwa wa mtaa, ilhali kumzuru mgonjwa ni miongoni mwa haki za Mwislamu kwa nduguye ambazo Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha. Sisi nasi tunazo zahanati ndogo ambazo siku moja mwenyewe hustaafu, hufariki au huhama. Kwetu hakuna barua itakayotumwa, na mara nyingi mgonjwa hugundua siku anapokuta kufuli.

Ndugu msomaji, anzia nyumbani kwako. Mwulize mzazi wako dawa zake ni zipi, uziandike majina na vipimo, na karatasi hiyo ikae mahali ambapo kila mmoja nyumbani anapajua. Mjue anayemtibu, na ujue atakwenda wapi iwapo huyo hatakuwapo. Kisha ugonge mlango wa jirani asiye na mtoto wa kumwuliza. Na kamati za misikiti zisingoje kufuli: meza mbili, vijana wanne na maswali matatu hayahitaji mfadhili, na yanaweza kuanza Ijumaa hii, insha'Allah.