Nani Anamlisha Nunda?

Wapo wazazi ambao wakimwona mtoto ameshika kitabu chenye picha ya zimwi, hukitwaa na kukifungia kabatini. Husema kwamba vitabu vya namna hiyo vinawatia watoto hofu, vinawafundisha ushirikina, na tena havina nafasi katika zama hizi za sayansi. Nimeyasikia maneno hayo Musoma mjini, nimeyasikia Bunda, na hata vijana niliowafunza ualimu chuoni walikuwa wakiyasema. Siwabezi, maana anayemlinda mtoto wake anafanya wajibu wake. Lakini mimi, katika umri huu wa zaidi ya miaka 70, naona kinyume. Naona kuwa mtoto asiyefundishwa kulitambua zimwi la kitabuni huja akalitafuta mahali lisipokuwapo, na lile la kweli likipita mbele yake halijui.

Neno zimwi ni la kale, na lina ndugu wengi. Wakikuyu husema irimu, Wazulu izimu, na sisi wenyewe tunalo neno mzimu lenye asili hiyo hiyo. Bibi Alice Werner, Mwingereza aliyekusanya visa vya Kibantu katika kitabu chake cha mwaka 1933, aliyatengea mazimwi kurasa nyingi. Humo kimo kisa cha zimwi limezalo watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja tu mwenye mimba, ambaye mwanawe alikua upesi akalipasua lile tumbo na watu wakatoka hai. Kisa hicho husimuliwa kuanzia huku kwetu hadi Lesotho, ambako zimwi hilo huitwa Kholumolumo.

Kwa upande wangu, ninachokipenda zaidi ni kile cha Sultani Majinuni, kilichosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Askofu Edward Steere huko London mwaka 1870. Sultani alikuwa na paka. Paka huyo alianza kula mifugo, na watu walipokwenda kushtaki, Sultani akawajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake, wao yawahusu nini? Paka akaendelea kula na kukua, akahamia kwa wanadamu, na jibu likawa lile lile. Siku alipowaua wana watatu wa Sultani mwenyewe, ndipo baba alipokiri kwamba yule si paka tena, ni nunda, mla watu.

Mwana mdogo wa Sultani, aliyekuwa akidharauliwa na wote, akaenda kumsaka. Kila alipoua mnyama alimleta kwa mama yake amtazame. Alileta mbwa, akaleta punda milia, twiga, kifaru, hata tembo. Kila mara mama alimjibu kwamba huyo siye. Mwishowe kijana alimkuta nunda mlimani amelala, akamuua, na hapo ndipo mama alipokubali.

Naomba msomaji azingatie mambo mawili katika kisa hicho. La kwanza, nunda alikuwa na mwenyewe, na alikua kwa kulishwa na kutetewa. La pili, haikutosha kuua mnyama mkubwa na kurudi na sifa. Ilibidi kila mara liulizwe swali: je, ndiye huyu?

Tulitazame swali la mwenye paka. Mwaka 1954, tarehe 1 Machi, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, lenye nguvu karibu mara 1,000 ya lile lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini wakinyeshewa majivu meupe wasijue ni nini. Waliugua wote, na mmoja wao akafa mwezi Septemba. Mwezi Novemba mwaka huo huo Wajapani walitoa filamu ya zimwi la baharini, Godzilla, lililoamshwa na majaribio ya mabomu. Sisi tuishio kando ya ziwa, ambao vijana wetu hulala majini na taa zao wakivua dagaa, hatuhitaji kuelezwa sana hofu ya wavuvi wale.

Wala tusidhani kwamba jambo hilo lilikuwa la watu wa mbali. Sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika kazi ya kuunda mabomu ya mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ya Kongo. Huko watu huzungumza Kiswahili. Chakula cha yule paka kilichukuliwa katika shamba la jirani yetu, na jirani hakuulizwa.

Ndiyo maana najivunia kwamba mtu wa Butiama alikwenda kuwauliza wenye paka. Mwezi Mei 1984 Mwalimu Nyerere aliungana na viongozi wa India, Sweden, Ugiriki, Meksiko na Ajentina kuyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yaache kuzijaribu na kuziongeza. Januari 1985 nchi hizo sita zilikutana Delhi na kutoa tamko lao. Wakubwa walisema, kama Sultani, kwamba silaha ni zao na usalama ni wao. Lakini nchi hizo zilijibu kwamba moto ukiwaka utawaunguza hata wasio na bomu, kwa hiyo nao wana haki ya kusema. Kati ya miaka ile na leo idadi ya silaha hizo imepungua sana, ingawa bado zipo zaidi ya 12,000. Kwa hiyo hadithi hiyo haijafika mwisho wake.

Sasa tuligeukie swali la mama. Chuoni wanafunzi walipenda kuniuliza habari za mashimo meusi ya angani, na waliniuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia zimwi: Je, Mwalimu, yatatumeza? Hofu yao ilikuwa na sababu, kwa kuwa vitabu vingi huyaeleza hivyo. Shimo jeusi ni maada nyingi mno iliyoshindiliwa mahali padogo, hata nuru ikiingia haitoki. Tarehe 10 Aprili 2019 wanasayansi walitoa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo la namna hiyo, lililo mbali nasi miaka ya nuru milioni 55, na mwaka 2022 wakatoa ya lile lililo katikati ya kundi letu la nyota, lenye uzito wa jua mara milioni 4. Hata hivyo shimo hilo halimfukuzi mtu. Kama jua letu lingegeuzwa leo kuwa shimo jeusi lenye uzito ule ule, dunia ingeganda kwa baridi na giza, lakini ingeendelea kulizunguka kama kawaida bila kumezwa. Mama wa kisani angetazama na kusema: huyu ni mkubwa kweli, lakini siye.

Jibu hilo linahitajika zaidi hapa chini kuliko huko juu. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya kuwa na macho mekundu. Watu wenye ualbino wamewindwa kama wanyama, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa ajili ya mauaji hayo. Waliofanya hivyo walijiona wanaume hodari waliokwenda kuua nunda. Hawakuwa na mama wa kuwauliza.

Mwaka mmoja nilikwenda kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika kijiji kimoja kati ya Bunda na Butiama. Binti mmoja alikuwa amewasimulia watoto wa darasa la nne kisa cha nunda. Alipomaliza, mvulana akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, nunda yupo hapa kijijini," akamtaja bibi mmoja aliyeishi peke yake nyuma ya shule. Hakuna mtoto aliyecheka. Nilitulia nione binti atafanya nini.

Hakumkemea. Alimwuliza, "Amekula nini?" Mvulana akanyamaza. "Ameonekana na nani, siku gani?" Kimya. "Basi umemjuaje?"

"Ana macho mekundu, Mwalimu."

Akaliuliza darasa zima ni nani ambaye mama yake au bibi yake huwa na macho mekundu akitoka kupika. Mikono ikanyooshwa, mmoja mmoja, hata wa yule mvulana. Wakazungumza habari za kuni mbichi, mafiga matatu na jiko lisilo na dirisha, kisha habari za ugonjwa wa vikope. Mwishoni aliwauliza, "Je, bibi huyu ndiye nunda?" Wakajibu kwa pamoja kwamba siye. Nilimpa alama za juu kuliko wote siku ile.

Basi nawasihi wazazi: msikifungie kitabu cha zimwi. Keti na mtoto, kisome mpaka mwisho, maana hofu hubaki kwa yule aliyeachiwa njiani, kabla tumbo la zimwi halijapasuliwa. Kisha mwulize maswali mawili. Nani anamlisha huyu? Na je, una hakika ndiye? Mtoto aliyezoea kuyajibu maswali hayo hatamwogopa bibi wa jirani. Na siku akisikia mkubwa fulani akisema kwamba paka ni wake na mifugo ni yake, atajua kwamba wakati wa kuuliza umefika.