Furu wa Mwigobero

Mjukuu wangu, wewe umelikuta Ziwa Victoria likiwa la sangara, basi kaa nikueleze lilivyokuwa kabla yake. Miaka ya sitini, mwalo wa Mwigobero hapa Musoma ulinuka furu waliotandazwa juani juu ya mawe. Mitumbwi ilipoingia alfajiri kutoka kisiwa cha Rukuba, akina mama wa Kijita, Kikwaya na Kiruri walikuwa wamekwisha kujipanga na beseni zao, wakivutana bei kila mmoja kwa lugha yake. Senti kumi zilikupa fungu la kutosha kitoweo cha nyumba nzima, kwa ugali wa muhogo. Hata mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, mwaka wa Uhuru, zilipolipandisha ziwa likameza mashamba ya ufukweni, furu hawakukatika. Walikuwa wadogo, wengi wao hawazidi kiganja, madume wakimeremeta kwa bluu, manjano na wekundu. Wataalamu wanataja aina zipatazo 500: huyu anakula mwani, yule anavunja konokono, mwingine anachokonoa matope, na kwa kazi hiyo maji yalikaa maangavu.

Sangara alipandwa upande wa Uganda miaka ya hamsini, akateremka taratibu hadi kwetu. Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985, nilikuwa nikiona samaki mmoja akibebwa na wanaume wawili, kapitishwa kasia kwenye matamvua, mkia ukiburura mchanga. Tulishangilia, na tulikuwa na haki: fedha yake iliezeka nyumba kwa bati na kulipa karo. Lakini alikuwa amewala furu, na aina nyingi hazikuonekana tena. Tena kwa mafuta yake, sangara hakubali kukaushwa kwa jua, lazima moto. Namkumbuka shangazi yangu, uso umekolea moshi, macho mekundu, akigeuza vipande vinavyochuruzika mafuta mpaka mtaa mzima unanuka, huku miti ya vilimani ikiteremka mzigo kwa mzigo kwenda kwenye majiko. Miaka ya tisini viwanda vikaja. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, nasi tukauziwa mapanki, kichwa na mifupa, yaliyokaangwa kwa mafuta yaleyale, kwa bei ambayo zamani ingelisha ukoo.

Kwa hiyo mtu akikuuliza utajiri wa mkoa wetu wa Mara, usikimbilie dhahabu ya Buhemba wala uzito wa sangara. Utajiri wa ziwa ni wingi wa viumbe wake, kila mmoja na kazi yake, na samaki mmoja mkubwa hawezi kuzifanya zote. Aina nyingi za furu waliobaki zimejificha kwenye miamba ya visiwa na matete ya ghuba, ndiko zinakozaliana. Uhifadhi mzuri unaanzia hapo: matete yasifyekwe, na samaki wa kokoro usimnunue hata akiwa rahisi, kwani wavu huo huzoa mpaka vifaranga.