Ukale na Usasa Juu ya Magurudumu Mawili

Katika boma moja lililo mtelemkoni karibu na soko la Nyamarambe, Mugirango Kusini, pikipiki aina ya Honda CG125 ilikaa miaka sita kando ya ghala la mahindi bila kuwashwa. Tangi lake jekundu lilikuwa limefifia na kuku walitaga chini ya gurudumu la nyuma. Hata hivyo mwenyewe, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliipangusa kila Jumamosi kwa kitambaa chenye mafuta, kana kwamba Jumatatu angeitwa tena shuleni. Aliinunua mwaka 1988 kutoka kwa afisa wa kilimo aliyekuwa amepata uhamisho. Kitinda mimba wake, ambaye ni mwendeshaji wa bodaboda, alipomwomba akifufue chombo hicho, mzee hakukataa. Alikataa alipoelezwa namna kitakavyofufuliwa.

Kijana alikuwa na picha katika simu yake. Ilionyesha pikipiki kuukuu iliyokatwa fremu upande wa nyuma, ikavuliwa madigadi zote mbili, kiti chake kirefu kikaondolewa na mahali pake pakawekwa kiti kifupi cha mtu mmoja. Bomba la moshi lilikuwa limefupishwa ili lingurume, na kila kilichosalia kimepakwa rangi nyeusi. Huo ndio uliokuwa usasa machoni pake. Ukweli ni kwamba mtindo huo una mvi. Vijana wa Uingereza, katika miaka ya 1950 na 1960, walizipunguzia pikipiki zao uzito kwa namna iyo hiyo ili washindane mbio kutoka mkahawa hadi mkahawa, na Ace Cafe ya London ikapata sifa kwa ajili yao. Yamkini mzee angaliijua historia hii, mjadala ungalikwisha siku ile ile, na kwa kejeli.

Lakini mtu asimhukumu kijana kabla ya kusimama kwenye stendi ya bodaboda siku ya soko. Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250, mwaka 2008, barabara za udongo mwekundu za Gusii zilijaa vyombo vilivyotoka kiwandani vikifanana kama mapacha. Boxer ni Boxer, TVS ni TVS. Abiria aliyebebwa vyema jana atamtambuaje mwendeshaji wake leo, katikati ya pikipiki thelathini? Hapo ndipo mapambo yanapopata kazi. Huyu amelivika tangi kava la ngozi bandia lenye nyuzi za manjano, yule amechomelea vyuma vya kukinga miguu, mwingine amezungushia taa ndogo za buluu na kufunga redio. Nyuma, kwenye mpira wa kuzuia matope, kila mmoja ameandika neno lake, kama mwanamke wa pwani anavyosema na jirani kwa jina la kanga. Mwalimu huyaita hayo yote "makelele". Kwa hakika ni majina, na mtu asiye na jina pale stendini halali na shibe.

Hata hivyo, mzee naye alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko alivyoweza kuieleza. Honda waliiunda CG125 katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo mwenye pikipiki huendesha mwaka mzima bila kumwona fundi. Vali za injini yake hufunguliwa kwa vijiti vinavyosukumwa kutoka chini, mpango wa kizamani hata wakati ule, uliochaguliwa makusudi kwa sababu hustahimili uzembe. Hakuna kilichofichwa. Silinda imesimama wazi na mapezi yake ya kupoza joto, kabureta inaonekana, taa ni duara, kiti ni kirefu na bapa, tangi limebonyea mahali ambapo magoti hushika. Urembo wa chombo hicho haukuongezwa baada ya kazi kwisha. Ni kazi yenyewe iliyofanywa kwa unadhifu. Tena umbo hilo halikufa. Viwanda vya China viliiga injini ya CG kwa wingi, na hata Boxer ya cc 150 ambayo kijana anaitegemea kwa riziki ina silinda moja inayopozwa kwa upepo, taa ya mviringo na kiti kirefu. Alikuwa amekalia ukale mchana kutwa akidhani anaukimbia.

Wanaosoma fasihi ya Kiswahili watakuwa wamekwisha kuusikia mwangwi. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, vina na mizani vilisimama kama fremu: ikikatwa, chombo si chombo. Miaka ishirini baadaye Kezilahabi akaitoa Kichomi, na wapo walioapa kwamba zile si tungo bali ni vyuma chakavu. Mjadala ule ulikuwa mkali, na mara nyingine wa kuumizana. Walakini msomaji wa leo anayefungua diwani za pande zote mbili hupata shida kuona ni nani aliyemwua nani.

Hapo jirani Tabaka, wachongaji wa mawe ya sabuni hukutana na swali hili kila asubuhi: jiwe ling'arishwe tu, lioneshe mishipa yake, au litiwe rangi na kuchorwa nakshi za twiga? La rangi lina wanunuzi wake. Mchongaji hufanya yote mawili, wala halali akiwaza.

Pale bomani, lakini, shauri halikuwa la falsafa. Lilikuwa la kiti. Mzee aliuliza, "Ukikata hapo nyuma, mama yako ataketi wapi?" Kijana akajibu kwa adabu, "Tata, mama nitambeba kwa Boxer." Mzee akanyamaza kwa muda mrefu. Katika kiti hicho kirefu ndiko alikomketisha mkewe usiku wa masika, akiwa na uchungu, wakaenda polepole hadi hospitali ya misheni ya Tabaka, na huyu anayetaka kukikata akazaliwa kabla ya jua kuchomoza. Kijana aliijua hadithi hiyo, aliisikia kila Krismasi. Hakuwa ameihusisha na sponji na turubai lililopasuka.

Mama alipoitwa kutoa ushahidi aliwavunja moyo wote wawili. Alisema kiti hakumbuki kama kilikuwa kizuri, anachokumbuka ni kwamba kilikuwa kigumu. Kisha akapandisha rinda kidogo na kuonyesha alama nyeusi kwenye shavu la mguu wa kulia, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Bomba la moshi lilimwunguza usiku ule, na kwa uchungu aliokuwa nao hakutambua hadi alipokuwa kitandani. Alama hiyo wanawake wengi wa Nyamarambe wanayo leo, kutokana na bodaboda za kila mtindo. "Kateni au msikate," alisema, "lakini hilo bomba lifunikeni."

Haya ni masuala ambayo wapenzi wa pikipiki, wa kale kwa wa kisasa, huyapita kwa urahisi. Mazungumzo yao hutazama chombo kutoka upande wa aliyeshika usukani. Kiti cha mtu mmoja humsahau abiria. Keria iliyorefushwa ili wapakiwe watatu, wale ambao Watanzania huwaita mishikaki, humkumbuka kwa nauli yake tu, ingawa sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inaruhusu abiria mmoja.

Fremu haikukatwa. Fundi alichomelea bamba lenye matundu juu ya bomba la moshi, pana kuliko lile la kiwandani, na kwa kweli lilikaa vibaya: lilivunja mstari mzuri uliotoka injini hadi ekseli. Mzee alilitazama, akageuza uso. Tangi lilirudishiwa wekundu wake. Kijana alishinda katika taa ndogo za pembeni na katika mpira wa nyuma, ambao alimpelekea mwandishi wa mabango sokoni. Ulirudi na maneno ya manjano: CHOMBO YA MZEE.

Mwalimu alisoma mara mbili. Alisema kwamba chombo ni cha ngeli ya ki-vi. Mwanawe akamweleza kuwa stendini kila mtu husema "chombo ya", na wateja wangeshangaa. Mzee aliingia ndani, akatoka na noti ya shilingi mia mbili, akamwambia ampelekee mwandishi yule arekebishe. Kijana alikwenda. Rangi ya kwanza haikufutika vyema, na hadi leo, jua likiupiga mpira huo barabarani kuelekea Tabaka, ile YA huonekana chini ya CHA.