Mstari wa 212

Ilikuwa saa nane usiku, bando linakaribia kuisha, na feni ya kompyuta inalia kama mashine ya kusaga. Nilikuwa nimekaa kitandani katika chumba changu cha kupanga, Sinza, nikijaribu kwa mara ya sita kujenga netCDF-Fortran. Hiyo ni maktaba ya programu inayotumiwa na watu wa hali ya hewa kusoma mafaili yao ya data. Bila hiyo, programu yangu ya kuhesabu siku za mvua isingeweza kufungua hata faili moja, na sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili ilitakiwa kwa msimamizi siku ya Ijumaa.

Kila nilipoandika make, skrini ilijaa mistari kisha ikakwama. Kwa siku mbili nilikuwa nasoma mstari wa mwisho tu, nikiamini ndio wenye jibu. Kumbe mstari ule hutangaza msiba tu. Chanzo cha kifo kiko juu huko, kwenye kosa la kwanza. Usiku ule niliyamwaga maelezo yote kwenye faili, nikalitafuta kosa la kwanza, nikalipata. Kompaila ilikuwa inalalamika kwamba kijiprogramu kimoja kimeitwa mahali pawili na kupewa namba za aina mbili tofauti.

Maktaba yenyewe haikuwa na kipya. Nilikuwa na toleo lake la zamani, nililonakili kwenye flashi ya rafiki ili kuokoa bando. Kilichobadilika ni kompaila. Kwa miaka mingi gfortran ilivumilia mchanganyiko huo, lakini kuanzia toleo la 10, lililotoka mwaka 2020, ikaanza kuuita kosa. Dawa yake ni chaguo moja, -fallow-argument-mismatch, linaloshusha kosa hilo kuwa onyo. Nikaliweka kwenye FFLAGS, nikaanza upya. Adhana ya alfajiri ilinikuta nikicheka peke yangu. Maktaba ilikuwa imejengeka.

Kisha nikaikompaili programu yangu mwenyewe. Ikagoma kwa kosa lile lile, mstari wa 212.

Sikuufungua mstari huo. Nilikuwa nimechoka, na dawa nilikuwa nayo mkononi. Nikaweka chaguo lile lile, nikaongeza na -w, ambalo hunyamazisha maonyo yote. Programu ikapita kimya. Majibu ya Dodoma mjini yalikuwa ya kuaminika, kwa hiyo nikayaamini na ya Kongwa. Nikaandika kwamba siku za mvua Kongwa hazijapungua, na kwamba malalamiko ya wakulima hayaungwi mkono na data. Ijumaa nikatuma.

Jumapili nilimpigia bibi, anayelima mtama huko huko Kongwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Masomo?"

Nikamwambia kwa majivuno kwamba kompyuta yangu inajua mvua za shamba lake. Januari 2006, kwa mfano, mvua ilinyesha siku 28.

Bibi alinyamaza kidogo. "2006? Mwaka ule mtama ulikauka ukiwa magotini. Babako alituletea unga kutoka mjini. Mvua ni ile inayofika kwenye mzizi, baba. Hiyo nyingine inalaza vumbi tu."

Nilipokata simu nikaufungua mstari wa 212.

Siku ya mvua, kwa kipimo kinachotumika sana, ni siku iliyopata angalau milimita 1. Kijiprogramu changu kilitegemea kupewa kiwango hicho kama namba ya desimali. Kwa Dodoma nilikuwa nimeandika 1.0. Kwa Kongwa niliandika 1, bila nukta. Binadamu haoni tofauti. Lakini ndani ya kompyuta namba kamili na namba ya desimali huhifadhiwa kwa mpangilio tofauti, na biti za 1 zikisomwa kama desimali huwa takriban 1.4E-45, yaani sifuri iliyovaa nguo. Tena modeli za hali ya hewa zina tabia ya kunyunyiza kidogo kidogo karibu kila siku. Kila nyunyu la Kongwa likahesabiwa kuwa mvua.

Niliweka nukta na sifuri, nikaendesha upya. Januari 2006: siku 9. Na mstari wa miaka yote, uliokuwa umelala, ukaanza kushuka.

Barua kwa msimamizi niliiandika mara nne. Mara tatu za mwanzo nililaumu kompaila. Ya nne ilikuwa na sentensi tatu: nimekosea, nimepata kosa liko wapi, naomba sura irudishwe. Alinipa wiki mbili.

Lile chaguo nimeliacha kwenye maktaba, kwa sababu pale najua linaficha nini. Kwenye programu yangu nimelitoa, pamoja na -w.

Nilimpigia bibi tena kumwambia ni siku 9.

"Hapo sawa," akasema. "Na hiyo mashine yako ilikuwa haijui?"

"Ilijua, bibi. Iliniambia tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeinyamazisha."